Nauli ya Meli Hulipwa Nshamba

Msomaji apandaye kutoka Muleba kwenda Nshamba wakati wa mavuno ataiona kahawa kabla hajaziona nyumba vizuri. Imeanikwa uani juu ya majamvi na maturubai, nyekundu ile iliyochumwa jana, nyeusi ile iliyokwisha kukauka. Akina mama huigeuza kwa mikono, watoto hufukuza kuku, na wazee hutazama mawingu. Hii ndiyo Ihangiro, nchi ya migomba na mibuni, ambako mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Kutoka uani hapo hadi gati la Dar es Salaam ni safari ya lori ya zaidi ya kilomita 1,300, na wengi katika hao wanaoianika kahawa hawajapata kuiona bahari maishani mwao.

Walakini wao ndio wailipao bahari. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulieleza leo, kwa kuwa twaona kwamba halielezwi vya kutosha katika mikutano ya vyama vya msingi, wala katika ofisi za miungano, wala hata katika kurasa za magazeti yetu. Watu wakisikia kwamba nauli ya meli imepanda, husema hayo ni mambo ya matajiri wa Dar es Salaam na mawakala wao. Sivyo hata kidogo. Nauli ya meli huandikwa Ulaya, hudaiwa Dar es Salaam, na hulipwa Nshamba.

NANI ALIPAYE?

Tuifuate kahawa hatua kwa hatua. Mkulima hupeleka maganda yake makavu katika chama cha msingi, hupimwa, hupewa stakabadhi. Kutoka hapo maganda hukusanywa na muungano, yaani KCU kwa Bukoba na Muleba, au KDCU kwa ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa. Hukobolewa kiwandani, hupangwa kwa madaraja, kisha kahawa safi huuzwa, ama mnadani ama kwa mkataba na mnunuzi wa ng'ambo. Ndipo hupakiwa katika lori hadi Dar es Salaam, huingizwa katika kontena, na kontena hungojea meli.

Sasa bei haipangwi kuanzia Nshamba ikipanda kwenda juu. Bei ya robusta husomwa katika soko la London, na kutoka London hushuka kuja chini, ikipunguzwa kila kituo. Mchomaji wa kahawa wa Ulaya huondoa nauli ya meli na bima. Msafirishaji huondoa gharama za bandari, lori, benki na faida yake. Muungano huondoa ukoboaji na uendeshaji. Chama cha msingi huondoa ushuru wake. Kinachobaki mwisho wa ngazi hii ndicho huitwa bei ya mkulima.

Kila mmoja katika ngazi hii ana mtu wa chini yake wa kumtwika mzigo, isipokuwa mmoja tu. Mwenye meli humtwika msafirishaji. Msafirishaji huutelemsha kwa muungano. Muungano huutelemsha kwa chama. Mkulima akitazama chini ya miguu yake, haoni mtu, huona udongo. Na udongo haukubali deni la mtu mwingine. Wapo watakaosema kwamba kahawa yetu nyingi huuzwa kwa bei ya melini, ambapo nauli ni juu ya mnunuzi. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini mnunuzi ajuaye kwamba nauli imekuwa ghali hutoa bei ndogo zaidi, na mkono uliotoa fedha ya nauli ni mmoja, lakini mfuko uliotobolewa ni mwingine.

HESABU YA KONTENA MOJA

Hebu tufanye hesabu, maana hasira isiyo na hesabu haijengi nchi. Kontena moja la futi 20 huchukua kwa kawaida magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 za kahawa safi. Kilo mbili za maganda ya robusta hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi. Basi ndani ya kontena hilo mna jasho la kilo 38,400 za maganda. Nauli ikipanda kwa dola 1,000, na tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, nyongeza hiyo ni shilingi 65 kwa kila kilo ya maganda. Mkulima wa magunia kumi ya kilo 60 ametoa shilingi 39,000. Ikipanda kwa dola 3,000, ametoa shilingi 117,000, naye hakuletewa hati ya madai wala hakutia sahihi mahali popote.

Hapa pana jambo la pili la kuangaliwa. Kontena halijui bei ya kahawa. Nauli hutozwa kwa kontena, si kwa thamani ya kilichomo ndani. Mwaka 2024 bei ya robusta London ilipita dola 5,000 kwa tani, yaani dola tano kwa kilo. Katika bei kama hiyo, nyongeza ya dola 1,000 kwa kontena ni kama sehemu moja ya mia. Haionekani, humezwa na furaha ya mavuno. Lakini tukumbuke mwaka 2001, wakati robusta duniani iliposhuka hata chini ya senti 70 za dola kwa kilo, na watu wa Kagera wakafikiri kuing'oa mibuni ya baba zao. Katika bei ya namna hiyo, nyongeza ile ile hula karibu sehemu moja ya kumi na mbili. Nauli basi ni mgeni mwenye adabu mbaya: hula sahani ile ile nyumbani kwa tajiri na nyumbani kwa maskini, tena hula zaidi siku ya njaa.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba bei nzuri isitulevye. Paa huezekwa wakati wa kiangazi.

HOFU NAYO HUTOZA

Lakini kama tatizo lingekuwa nauli kubwa tu, lingekuwa tatizo la kuvumilika. Mtu akijua kwamba mwaka huu nauli ni dola kadhaa, hata kama ni nyingi, hupanga mambo yake. Kinachoumiza zaidi ni nauli isiyojulikana.

Msafirishaji anunuapo kahawa leo, hajui atapata meli baada ya wiki sita kwa bei gani. Juu ya nauli yenyewe huja nyongeza zenye majina mengi: nyongeza ya mafuta, nyongeza ya msongamano wa bandari, nyongeza ya hatari ya vita, nyongeza ya msimu. Baadhi hutangazwa zikiwa zimebaki siku chache. Afanyeje? Hukisia. Na hakuna mfanyabiashara akisiaye kwa kujiumiza mwenyewe. Akihofu nyongeza ya dola 1,000, huondoa 1,500 katika bei anayotoa. Benki imkopeshayo nayo ina hofu yake, huongeza riba. Muungano nao huogopa kulipa malipo ya awali makubwa kisha ukakuta soko limegeuka, hulipa kidogo na kuahidi malipo ya pili. Hofu tatu zimepangwa moja juu ya nyingine, na zote zimekaa juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Na ikiwa mwisho wa yote nauli haikupanda, je, ile fedha ya hofu humrudia mkulima? Mara chache sana. Hubaki njiani.

Matokeo yake tunayajua sote, wala hatuhitaji kwenda mbali kuyatafuta. Malipo ya awali yakiwa madogo, na ya pili yakikawia, mzazi mwenye mtoto wa kupeleka shule au mgonjwa wa kupeleka hospitali hawezi kungoja. Ndipo huingia butura, ule ugonjwa wa zamani wa Kagera, ambao mtu huuza kahawa yake ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kumtupa. Serikali imeupiga marufuku mara nyingi, viongozi wameuhutubia mara nyingi, nao haujafa. Hautakufa kwa hotuba. Butura ni bei ya kutokuwa na uhakika. Na yule asiyeingia butura, huitazama njia ya Mutukula, kahawa ikavuka mpaka usiku kwenda Uganda kwa wanunuzi wanaolipa papo hapo. Tukimkamata mwenye baiskeli na gunia lake tumefanya kazi ya sheria. Lakini sababu iliyompandisha baiskeli usiku bado ipo.

HAYA SI MAMBO MAPYA

Kahawa ya Bukoba imekuwa mateka wa njia tangu zamani. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia ya kahawa yetu ikawa ziwani hadi Kisumu na kwa reli hadi Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kati ilifika Mwanza, nayo Dar es Salaam ikawa mlango wa pili. Wakulima walipounda muungano wao, BNCU, mwaka 1950, walipata nguvu ya kuuza kwa pamoja. Lakini njia na meli hazikuwa zao. Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, mlango mmoja ulifungwa kwa kufuli.

Baharini mambo yalikuwa ya namna yake. Makampuni ya meli ya Ulaya yalikuwa na umoja wao uliopanga nauli kwa pamoja, na msafirishaji aliyekuwa mwaminifu kwao alirudishiwa sehemu ya nauli baada ya muda. Akipakia mzigo wake katika meli ya nje ya umoja, alinyimwa marudisho hayo. Ilikuwa ni kamba ndefu, lakini ilikuwa kamba.

Mwezi Juni 1967, miezi minne tu baada ya Azimio la Arusha, Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, ukabaki umefungwa miaka minane, hadi Juni 1975. Meli za kutoka pwani yetu kwenda Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hapo taifa changa lilijifunza kwamba laweza kutaifisha mabenki na mashamba, lakini haliwezi kutaifisha bahari.

Hatukukaa bure. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia ziliunda shirika lao la meli la Afrika Mashariki. Mwaka 1967 Tanzania na China ziliunda Sinotaship. Shirika la kwanza lilikuwa limekwisha kufikia mwanzo wa miaka ya 1980. La pili liliendelea. Twayasema haya si kwa kuwacheka waliotangulia, bali kwa sababu kila nauli inapopanda husikika sauti zikisema: tununue meli yetu. Meli moja au mbili hazipangi nauli ya dunia. Leo makampuni kumi makubwa yanashika zaidi ya asilimia 80 ya nafasi ya kontena baharini. Mwenye mtumbwi mmoja hamwamrishi mwenye mashua mia.

MIAKA YA KARIBUNI

Vijana ambao hawakuiona Suez ya 1967 wameona yao. Wastani wa nauli ya kontena la futi 40 katika njia kubwa za dunia ulikuwa karibu dola 1,400 mwaka 2019. Mwezi Septemba 2021, kwa sababu ya ugonjwa wa korona na vurugu zake, ulipita dola 10,000. Mwaka huo huo, mwezi Machi, meli moja, Ever Given, ilikwama kwa siku sita katika Suez na kuzuia mamia ya meli nyingine. Wenye meli, kwa tamaa ya faida ya China na Marekani, walikimbiza kontena tupu kwenda Asia upesi, wakauacha mzigo wa Afrika ukingoje.

Hali ilipoanza kutulia, Novemba 2023 yakaanza mashambulio ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu, na makampuni makubwa yakazigeuza tena meli zake kuzunguka Rasi. Kufikia Julai 2024 kipimo kile kile cha nauli kilikuwa kimepanda tena kupita dola 5,000. Hizi si nauli za Dar es Salaam zenyewe. Ni wastani wa njia kubwa. Lakini mto mkubwa ukifurika, vijito navyo hurudi nyuma. Mzigo wetu mwingi hauendi Ulaya moja kwa moja. Mara nyingi hushushwa katika bandari za njiani, kama Salalah ya Oman, na kungojea meli nyingine. Kila mahali pa kungojea ni mahali pa kulipa.

YATUPASAYO KUFANYA

Hatuwezi kuamrisha mafuriko, lakini twaweza kuchimba mitaro. Yapo mambo tunayoyaweza sisi wenyewe.

La kwanza ni ukweli. Katika ubao wa kila chama cha msingi, pale Nshamba na kwingineko, pabandikwe karatasi moja kwa lugha ya kueleweka: kahawa iliuzwa kwa bei hii, ukoboaji umekula hiki, lori hiki, bandari hiki, nauli ilikisiwa hivi, ikawa hivi, muungano umechukua hiki. Na pale kisio kilipozidi nauli ya kweli, tofauti irudi katika malipo ya pili, iandikwe. Tuseme wazi pia: si kila shilingi iliyopotea ilichukuliwa na wenye meli. Wako viongozi wa ushirika waliojificha nyuma ya neno "nauli" kama fisi nyuma ya kichaka. Karatasi ubaoni itakifyeka kichaka hicho. Anayeichukia karatasi hiyo ajieleze.

La pili ni kupatana kwa pamoja. Aendaye kwa wakala wa meli na kontena tano huambiwa bei; aendaye na kontena mia tano huulizwa bei. Miungano ya Kagera na wanunuzi wa mnadani, pamoja na wasafirishaji wa pamba na korosho, waweza kukusanya mzigo wao na kudai nauli ya msimu mzima, iliyoandikwa katika mkataba, pamoja na nyongeza zake zote. Huenda nauli hiyo isiwe ya chini kabisa. Haidhuru. Nauli ya wastani iliyo ya hakika ni bora kwa mkulima kuliko nauli ya chini ya kubahatisha, maana yaondoa zile hofu tatu tulizozitaja.

La tatu lahusu Serikali. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, liliundwa kwa sheria ya mwaka 2017 lisimamie biashara hii na kumlinda mwenye mzigo. Na limlinde. Nyongeza yoyote itangazwe mapema, ielezwe sababu yake, na sababu ikiisha, nyongeza nayo iishe. Tumeona nyongeza nyingi zikizaliwa. Mazishi yake hatuyaoni.

La nne ni ziwa na reli. Kemondo pana gati lililojengwa ili mabehewa yavushwe kwa meli hadi reli ya Mwanza. Meli mpya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imejengwa kuchukua tani 400 za mizigo, karibu sawa na kontena 20 za kahawa. Kila shilingi inayookolewa kati ya Bukoba na Dar es Salaam ni shilingi ambayo bahari haiwezi kuigusa. Sehemu hii ya safari ni yetu wenyewe. Hatuna wa kumlaumu.

La tano ni kusafirisha thamani badala ya uzito. Kwa kipimo cha wafanyabiashara wa kahawa duniani, kilo moja ya kahawa ya unga wa kuyeyuka hutokana na kilo 2.6 za kahawa mbichi. Kiwanda cha TANICA kipo Bukoba tangu miaka ya 1960. Kila gunia linalopita kiwandani hapo limepunguza utumwa wetu kwa kontena, na limempa kazi mfanyakazi wa Bukoba.

MBEGU MBILI, GANDA MOJA

Tunamalizia kwa kuwaambia ndugu zetu wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa malori na wa viwanda vya kukoboa. Siku ambayo kontena linalala gatini bila sababu, Nshamba hulipa. Siku ambayo karani anaficha hati ili aonwe, Nshamba hulipa. Na siku ambayo mkulima anatia mawe ndani ya gunia ili kuongeza uzito, mnunuzi huondoa imani, na nyote hulipa.

Wazee wa Buhaya walipofanya udugu wa damu walitumia tunda la kahawa. Hawakuchagua ndizi wala mtama. Walichagua kahawa kwa kuwa ndani ya ganda moja mna mbegu mbili, uso kwa uso, na kila ndugu alikula moja. Mkulima wa Nshamba na mfanyakazi wa Dar es Salaam ni mbegu hizo mbili. Bahari ni kubwa, na wenye meli wana nguvu. Lakini kabla kahawa haijafika baharini, imepita mikononi mwetu wenyewe kilomita 1,300. Tuanze na hizo.